Makaratasi Kwanza, Chuo Baadaye

Kijana akiniandikia kutoka Dar, Kigoma au Mombasa kwamba anataka kuja kusoma Marekani, swali langu la kwanza si alama zake za Form Six. Namuuliza: unakuja kwa makaratasi gani? Kuna wanaonuna, wakidhani nawapekua. Simpekui mtu. Ni kwamba katika nchi hii chuo kilekile, darasa lilelile na mwalimu yuleyule wanaweza kuwa bure kwa mwanafunzi mmoja na kumaliza akiba ya ukoo mzima kwa aliyekaa kiti cha pembeni, na kinachowatofautisha si akili wala bidii. Ni hadhi yao ya uhamiaji. Ukilijua hilo mapema, ule ushauri wa mitandaoni kuhusu "vyuo rahisi Marekani" utauona ulivyo: ni wa kweli kwa mtu mmoja, ni mtego kwa mwingine.

Ninaishi Louisville, jimbo la Kentucky. Kiswahili hapa unakisikia dukani, kanisani, kwenye foleni ya kliniki na kwenye mabasi ya shule. Wengi wa wanaokizungumza ni Wakongo, na si wachache kati yao waliokulia Nyarugusu, ile kambi iliyoko Kasulu tangu 1996. Mimi ni mtu wa Kigoma, kwa hiyo tukikutana mazungumzo huanzia kwenye migebuka kabla hayajafika kwenye mambo ya maana. Jumamosi huwa nawasaidia watu kujaza fomu za chuo, maana Kiingereza cha fomu hizo hata Mmarekani aliyezaliwa hapa kinamtoa jasho. Haya ninayoyaandika ni yale ninayoyarudia kila mara kwa mdomo.

Mfumo wenyewe si mgumu ukishaelewa kipimo chake. Kwetu Tanzania ukichaguliwa kusoma uhasibu, unasoma uhasibu toka wiki ya kwanza. Umeingia kwa programu, utatoka kwa programu, na ukitaka kuhama chuo ukiwa mwaka wa pili, jiandae kwa barua na mihuri. Marekani shahada ni jumla ya krediti. Somo la kawaida lina krediti 3, yaani kama saa tatu za darasani kwa wiki, kwa muhula wa wiki 15 hivi. Krediti 60 zilizopangwa sawasawa zinakupa digrii ya miaka miwili, wanayoiita asosieti. Krediti 120 zinakupa shahada ya kwanza. Anayesoma krediti 12 kwa muhula anahesabiwa kuwa mwanafunzi wa muda wote, lakini piga hesabu mwenyewe: 12 mara mihula minane ni 96, siyo 120. Anayetaka kumaliza kwa miaka minne anahitaji 15 kila muhula, na hilo halimo katika maneno "muda wote" yaliyoandikwa kwenye fomu. Watu wetu wengi wamechelewa kwa sababu hiyo tu, si kwa sababu ya kufeli.

Nusu ya mwanzo ya shahada, karibu kila mahali, ina masomo ya jumla: uandishi wa insha, hisabati, historia, sayansi moja au mbili, kidogo cha sanaa. Anayetaka uuguzi anasoma saikolojia, anayetaka kompyuta anaandika insha kuhusu riwaya. Malalamiko ya watu wetu nayajua kwa kichwa: nimekuja kusoma uinjinia, historia ya Marekani ya nini? Lakini ni masomo hayohayo yanayoufanya mfumo wao uhamishike. Kwa kuwa nusu ya kwanza inafanana sana toka chuo hadi chuo, mtu anaweza kuisomea mahali pa bei nafuu kisha akaihamishia mahali pa bei kali.

Wazo hilo lilianza zamani. Mwaka 1901, katika mji wa Joliet, Illinois, mkuu wa sekondari ya mji huo, J. Stanley Brown, na rais wa Chuo Kikuu cha Chicago, William Rainey Harper, walikubaliana kwamba masomo ya miaka miwili ya mwanzo ya chuo yafundishwe palepale nyumbani, kwa vijana wasioweza kwenda mbali. Walianza na wanafunzi sita. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wanajeshi walirudi wakiwa na haki ya kusomeshwa kwa sheria ya 1944, vyuo vikuu vikafurika, na mwaka 1947 tume ya Rais Truman ikapendekeza nchi ijaze vyuo vya jamii, yaani komyuniti koleji, vya ada ndogo au bila ada kabisa. Miaka ya 1960 vikaota kila kona. California ndiyo iliyoweka mgawanyo huo kwenye mpango rasmi mwaka 1960: wanafunzi wa juu kabisa, moja ya nane, wapate nafasi Chuo Kikuu cha California, theluthi ya juu wapate nafasi vyuo vikuu vya jimbo, na komyuniti koleji zipokee yeyote anayeweza kufaidika, kisha wanaofanya vizuri wapandishwe. Leo California peke yake ina komyuniti koleji 116, na nchi nzima zimepita 1,000.

Majina ya vyuo yasikupotezee muda. Dartmouth inajiita College na inatoa hadi shahada ya uzamivu. Williams na Amherst ni vyuo vidogo vya miaka minne, vigumu kuingia kuliko vyuo vikuu vingi vyenye majengo marefu. Kinachokuhusu ni shahada gani chuo kinatoa na nani amekipa ithibati. Na uwe macho na vyuo vya biashara, vile vya faida, vinavyojitangaza kwenye vituo vya mabasi na kukupigia simu mpaka usiku. Corinthian Colleges ilifunga milango mwaka 2015, ITT Tech ikafuata 2016, na maelfu ya wanafunzi wakabaki na mikopo mkononi na krediti ambazo vyuo vingine havikuzitaka. Chuo cha kweli hakikupigii simu mara tatu kwa siku.

Ukiwa na grinikadi, au ukipokelewa kama mkimbizi

Kwa mtu wa kundi hili, komyuniti koleji ni neema, na nasema hivyo bila kupepesa. Haiangalii alama zako za zamani kuamua kama utaingia. Ukiwa umemaliza sekondari, au una cheti cha GED kinachosimama badala yake, unaingia. Ada ya wakazi wa jimbo kwa wastani wa nchi ni kama dola 4,000 kwa mwaka, na California mkazi analipa dola 46 kwa krediti moja tangu 2012. Juu ya hapo kuna ruzuku ya Pell, iliyoanzishwa 1972 na baadaye kupewa jina la Seneta Claiborne Pell. Ni ruzuku, siyo mkopo. Kwa mwaka wa masomo 2024/25 kiwango cha juu kilikuwa dola 7,395. Linganisha na ile ada ya 4,000 uone: kwa familia ya kipato cha chini, serikali inamaliza ada na kinachobaki kinaingia kwenye akaunti ya mwanafunzi, anunue vitabu na kulipa nauli. Watu wanaiita rifandi, na kila mwanzo wa muhula utasikia neno hilo kanisani kuliko amina.

Rifandi ina meno, lakini. Ukiacha masomo kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sehemu ya fedha inadaiwa irudi, na ukishindwa kuirudisha unaweza kufungiwa kujiandikisha tena. Halafu Pell ina kikomo cha maisha: mihula 12 ya muda wote, basi. Anayeitumia kubahatisha huku na kule anaimaliza akiwa bado katikati ya shahada.

Mlango wa kupitia ni fomu ya kuomba msaada wa fedha wa serikali, inayoitwa FAFSA, ambayo kwa kawaida hufunguliwa tarehe 1 Oktoba kwa ajili ya mwaka unaofuata. Hapo ndipo Jumamosi zangu zinapokwenda. Fomu inadhani kila mtu ana baba na mama wanaolipa kodi Marekani na kwamba jina lake limeandikwa hivyohivyo kila mahali. Mtu wa chini ya miaka 24 asiyeoa au kuolewa lazima alete taarifa za wazazi, labda awe yatima, au amepitia jeshini, au ana mtoto anayemtunza. Sasa kaa na msichana aliyelelewa na shangazi kambini, ambaye tarehe yake ya kuzaliwa ni 1 Januari kama ya nusu ya watu waliokuja naye ndege moja, kwa sababu ofisa fulani aliona ni rahisi kuandika hivyo. Mama yake yuko hai au hayuko, hajui. Fomu inauliza: jina la mzazi wa kwanza? Kuna utaratibu wa kesi za namna hii na ofisi ya msaada wa fedha ya chuo ina mamlaka ya kuuamua, lakini haumo kwenye skrini. Lazima uende kwa miguu yako, ukae, ueleze. Nawaambia watu: usibofye "ndiyo" ili tu ukurasa ufunguke.

Louisville ina jambo lake jingine. Kwetu tunasema fulani yuko ughaibuni anabeba maboksi, na tunasema kwa kejeli kidogo. Hapa ni boksi kwelikweli. Kituo kikuu cha ndege za UPS, Worldport, kiko uwanja wa ndege wa mji huu, na kazi yake kubwa ni ya usiku. Kampuni ilikuwa inahangaika kupata watu wa zamu hiyo, ndipo mwaka 1998 ikaanzishwa Metropolitan College, ambayo si jengo wala chuo chenye walimu wake: ni makubaliano ya UPS, jimbo, mji, Chuo Kikuu cha Louisville na komyuniti koleji ya hapa, Jefferson, kwamba mfanyakazi wa zamu ya usiku atalipiwa ada. Vijana wetu kadhaa wamesoma hivyo. Usiku mizigo, asubuhi darasa, mchana usingizi. Nimewaona wakisinzia kwenye basi la kwenda katikati ya mji, koti lenye milia inayong'aa bado mwilini, begi la daftari limekumbatiwa kifuani. Nawavulia kofia. Pia nawaambia wazi kwamba krediti 15 pamoja na zamu ya usiku ni wachache wanaozimudu, na ni heri 9 ukazifaulu kuliko 15 ukaziangusha, maana wastani wako wa alama ukishuka chini ya 2.0, msaada wa fedha nao huanza kuyumba.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Komyuniti koleji inajua kupokea. Kutoa ndiko kunakoishinda. Wengi wa wanaoingia husema nia yao ni kufika shahada ya kwanza. Wanaohamia chuo cha miaka minne ni kama theluthi moja, na wanaoipata shahada yenyewe ndani ya miaka sita ni kama 16 katika kila 100. Sababu ziko nyingi: kazi, watoto, gari bovu, walimu ambao wengi ni wa muda na wanakimbia kutoka kampasi moja hadi nyingine. Kwa miaka mingi kulikuwa pia na yale madarasa ya hisabati ya kurudia, yasiyo na krediti yoyote ya kuhesabika, ambayo mtu aliwekwa kwa mtihani mmoja wa kompyuta siku ya kwanza. Majimbo mengi yameyapunguza. California ilitunga sheria dhidi yake mwaka 2017. Lakini sababu ninayoiona mimi mezani kwangu kuliko nyingine zote ni krediti zilizosomwa bila ramani.

Kijana mmoja, Mkongo, aliniletea transkripti yake, ile orodha ya masomo na alama, akiwa na furaha. Krediti 68. Chuo kikuu alichoomba, kwa uhandisi, kilikuwa kimemkubalia, na kwenye karatasi ya tathmini krediti zote 68 zilipokelewa. Tukaisoma pamoja mstari kwa mstari. Kushoto lilikuwa somo alilosoma, kulia somo linalolingana nalo huko anakokwenda. Insha ya kwanza: imelingana. Insha ya pili: imelingana. Historia: imelingana. Halafu ikaanza: la hiari, la hiari, la hiari. Krediti 26 zilikuwa zimepokelewa na kuwekwa kapuni. Zinahesabika kwamba ulizisoma, lakini hazijazi sharti lolote la uhandisi. Na kwenye safu ya hisabati alikuwa na aljebra tu. Uhandisi unataka kalkulasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha milinganyo tofautishi, na kila moja inaisubiri iliyotangulia, kwa hiyo hata uwe na akili za ajabu huwezi kuzisoma zote muhula mmoja. Miaka miwili ilikuwa imepita na mnyororo wenyewe hajaugusa.

"Mama," akaniambia, "miye niliona krediti ziko zinapanda, nikajua niko ninafika."

Alikuwa amenunua tofali kabla ya kuchora ramani ya nyumba. Na sikumlaumu, kwani aliyemsajili alimpa masomo yaliyokuwa na nafasi saa alizokuwa hayuko kazini, ikaishia hapo.

Kwa hiyo, wiki ya kwanza kabisa, kabla hujachagua somo hata moja, amua chuo unachotaka kumalizia, au viwili, na kozi yenyewe. Kisha tafuta orodha ya masomo yanayolingana kati ya vyuo hivyo. California wameiweka yote mtandaoni kwa jina la ASSIST: unachagua koleji yako, chuo kikuu unakokwenda na kozi, inakuonyesha somo kwa somo. Kule pia vyuo sita vya Chuo Kikuu cha California vinatoa nafasi ya uhakika kwa anayetimiza masharti kutoka komyuniti koleji: Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz. Berkeley na Los Angeles hazimo, huko unashindana. Majimbo mengine yana mipango yao, mingine imara, mingine ya maneno. Tennessee, jirani zetu hapa, tangu 2015 inawalipia ada ya komyuniti koleji vijana wanaotoka sekondari za jimbo hilo.

Angalia pia aina ya digrii. Asosieti ya sanaa (AA) na asosieti ya sayansi (AS) zimetengenezwa kuhamishika. Ile ya sayansi tumizi, inayofupishwa AAS, imetengenezwa kwenda kazini moja kwa moja: fundi wa viyoyozi, fundi wa mashine, msaidizi wa maabara. Ni digrii ya heshima na mara nyingine inalipa haraka kuliko shahada, lakini ukiibeba kwenda chuo kikuu, nusu yake inaweza kubaki mlangoni. Herufi moja tu imeongezeka na watu hawaioni.

Uuguzi una habari yake, na kwa kuwa nusu ya diaspora yetu iko humo sitauruka. Njia ya miaka miwili ilibuniwa na Mildred Montag mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati hospitali zina upungufu wa wauguzi. Anayemaliza anafanya mtihani uleule wa leseni, NCLEX, anaoufanya mwenye shahada ya miaka minne, na akifaulu ni muuguzi msajiliwa kama yeye. Baadaye anaweza kuongeza shahada akiwa kazini, mara nyingi na hospitali ikichangia. Ila kumbuka kwamba koleji kupokea kila mtu hakumaanishi idara ya uuguzi inapokea kila mtu. Kuna masomo ya kutangulia, anatomia na fiziolojia yakiwa mbele, kuna ushindani wa alama, na kuna foleni. Wapo wanaosema "nasoma nursing" kwa miaka mitatu ambao uuguzi wenyewe bado hawajakaribishwa.

Ukija kwa viza ya mwanafunzi

Hapa kibao kinageuka. Mwenye viza ya F-1 hapati Pell. Hapati ada ya mkazi. California, kwa mfano, zile dola 46 zinaweza kuwa zaidi ya 300 kwa krediti katika koleji nyingi. Lazima asome angalau krediti 12 kila muhula, na masomo ya mtandaoni yanayohesabika hapo ni moja tu. Ruhusa ya kazi ni ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Komyuniti koleji nyingi hazina mabweni, kwa hiyo utapanga nyumba mjini, na mji wenyewe huenda hauna daladala wala treni. Kabla ya yote hayo umeshalipa dola 350 za SEVIS, mfumo wa serikali wa kuwafuatilia wanafunzi wa kigeni, na dola 185 za maombi ya viza, na umeonyesha kwa karatasi za benki kwamba fedha za mwaka wa kwanza zipo.

Ndipo anapojitokeza mjomba wa Texas na maneno yake: "Njoo tu mwanangu, ukifika utafanya kazi utajilipia." Mjomba anakupenda, sina shaka. Ila alikuja miaka mingi iliyopita, kwa makaratasi mengine, na kazi ya nje ya chuo bila kibali ndiyo inayoua hadhi ya F-1 haraka kuliko kufeli. Sisemi asije mtu. Familia yenye uwezo wa kulipa miaka miwili ya koleji kisha miwili ya chuo kikuu itaokoa fedha nyingi kwa njia hii, na zipo koleji kama Santa Monica zenye wanafunzi wa kigeni wengi na uzoefu mkubwa wa kuwahamishia Chuo Kikuu cha California. Lakini hiyo ni njia ya mwenye fedha anayetaka kubana matumizi. Si njia ya maskini.

Njia ya maskini mwenye alama za juu, ajabu ya nchi hii, mara nyingi inapita kwenye vyuo vya bei kali kabisa. Amherst, Harvard, Yale, Princeton na MIT huamua kumpokea mgeni bila kuangalia uwezo wake wa kulipa, kisha wanajaza pengo lote. Bei iliyoandikwa ukutani imepita dola 80,000 kwa mwaka. Mtoto wa mwalimu wa Kasulu anaweza asilipe hata moja ya kumi yake. Kuingia ndiyo kazi, wanachukua wachache mno. Chini ya hao kuna vyuo vidogo vya miaka minne ambavyo huangalia uwezo wako wakati wa kuchagua, lakini vikikuchagua vinakutosheleza. Majina yake hayajulikani kwetu, na ndiyo maana watu hawaombi.

Kuna kimoja saa mbili kutoka ninapoishi, Berea. Kilianzishwa 1855 na watu waliopinga utumwa, ndani ya jimbo la watumwa, wakasomesha weusi na weupe pamoja mpaka jimbo likapiga marufuku kwa sheria mwaka 1904. Tangu 1892 hakijatoza ada ya masomo. Kila mwanafunzi ana kazi chuoni, angalau saa kumi kwa wiki: jikoni, maktaba, shambani, kwenye karakana za mbao na ufumaji. Wageni wanaochukuliwa kila mwaka ni wachache, lakini miongoni mwao Waafrika hawakosekani. Nikimtajia mzazi wa Dar jina hilo, ananiuliza kama lina mawasiliano na Harvard.

Wangari Maathai naye hakwenda Harvard. Mwaka 1960, katika wimbi la wanafunzi waliopelekwa Marekani kwa juhudi za Tom Mboya na wenzake, alitua Atchison, Kansas, kwenye chuo kidogo cha masista Wabenediktini, Mount St. Scholastica. Alimaliza biolojia 1964, akaenda Pittsburgh kwa shahada ya pili. Chuo hicho leo kinaitwa Benedictine College, na sidhani kama kuna mzazi Nairobi aliyewahi kukiota.

Ofisi za EducationUSA ziko Dar na Nairobi na ushauri wao ni wa bure. Nenda kabla hujamlipa wakala.

Jina

Shangazi yangu wa Ujiji aliniuliza kuhusu binti wa jirani yake aliye huku: "Hicho chuo chake kina jina, mwanangu?" Nilimtajia. Akanyamaza, kisha akasema, "Aa, basi anajiandaa." Kwake komyuniti koleji ni chumba cha kusubiri. Ningeweza kumwambia habari za Eileen Collins, aliyesoma Corning Community College mpaka 1976, akahamia Syracuse, na mwaka 1999 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza chombo cha anga cha Marekani kama kamanda. Au Jill Biden, aliyeendelea kufundisha uandishi koleji ya Northern Virginia hata mumewe akiwa Ikulu. Shangazi asingeshtuka. Anachotaka ni jina la kuwatajia watu msibani, na kwa hilo simlaumu, ndivyo tulivyo.

Kwa anayepanga kurudi nyumbani, jina lina upande wake wa kiserikali pia. Ukileta shahada ya nje Tanzania, TCU, tume ya vyuo vikuu, itaangalia kama chuo kilichoitoa kinatambulika kwao na kina ithibati. Kenya tume ya namna hiyo ni CUE. Digrii ya miaka miwili ikija peke yake huwa na maelezo marefu, kwa sababu haikai sawasawa kwenye stashahada yetu wala kwenye shahada, na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi la Tanzania, watataka kujua masomo yenyewe yalikuwa nini. Ukiwa umehamia na kumaliza shahada ya kwanza, cheti kinachotundikwa ukutani kina jina la chuo kikuu tu. Transkripti ndiyo inayotaja ulikoanzia, kwa maandishi madogo, krediti kwa krediti. Mara nyingine mtathmini huomba maelezo ya kila somo, na koleji nyingi hazitunzi silabasi za miaka kumi nyuma, kwa hiyo kila muhula ukiisha pakua silabasi zako zote, ziweke kwenye barua pepe yako binafsi, siyo ya chuo, maana ya chuo huweza kufungwa ukishahitimu.